Mwaka Niliouandika kwa Ubishi

Mimi ni mtu mbishi. Naanza na hilo nisije nikaambiwa nimelificha. Nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na wanafunzi walinipa jina la utani ambalo sitaliandika hapa, ila maana yake ni mtu anayebishana na redio. Si uongo. Taarifa ya habari ikikosea mwaka wa vita fulani, nilikuwa nainuka kitini naikemea, na redio ya watu, masikini, haijibu. Nilipostaafu nilibaki hapa Songea, kwenye nyumba yangu ya Bombambili, na ubishi wangu wote, sina tena darasa la kuumalizia.

Aliyeupokea alikuwa fundi cherehani. Yeye ni Myao wa Namasakata, kule Tunduru, Mwislamu wa swala tano. Mimi ni Mngoni wa Madaba, Mkristo wa kujitahidi. Kibanda chake hakiko mbali na kwangu. Mbele kuna benchi, ndani kuna runinga ndogo juu ya rafu, imebanwa na suruali za watu zinazosubiri kupunguzwa. Hapo ndipo tulipokuwa tunaangalia mpira na kugombana, na ugomvi ndio ulikuwa mtamu zaidi.

Mnakumbuka corona ilivyovuruga mambo. Mashindano ya mataifa ya Ulaya yalikuwa yachezwe 2020, yakaahirishwa mpaka 2021, na waandaaji wakatangaza kwamba jina halibadiliki. Yataitwa ya 2020 vilevile, kalenda itake isitake. Mimi nikaona ni sawa kabisa. Fundi akaona ametukanwa.

"Mwalimu," akaniambia, "harusi ikipangwa mwaka jana ikaahirishwa, watu wakaoana mwaka huu, cheti cha ndoa kinaandikwa mwaka gani?"

"Mashindano si harusi."

"Haya. Mtu kaniletea kitambaa cha kanzu ya Idi ya mwaka jana, nikachelewa, nimeimaliza Idi ya mwaka huu. Ni kanzu ya lini hiyo?"

"Hiyo ni kanzu ya fundi mzembe," nikamjibu, na benchi zima likaangua kicheko.

Ubishi ule haukuwa wa siku moja. Ulianza kwenye jina, ukahamia kwenye mambo yenyewe. Bingwa atakayepatikana ni bingwa wa mwaka gani? Yule aliyekuwa analishikilia kombe, amelishikilia miaka minne au mitano? Akaitwa muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara aje aamue, akaja, akabishana, viazi vyake vikaungua. Mimi sikurudi nyuma hata hatua. Jina ni jina, nikasema. Mwenye mtoto ndiye anayempa jina, jirani hana kauli.

Nilishinda kwa namna ambayo hata mimi sikuitegemea. Mteja mmoja alileta fulana ya mitumba ipunguzwe kiunoni, na kifuani, kwa tarakimu za kuonekana ukiwa stendi, imeandikwa jina la mashindano na 2020. Nikaichukua, nikaitandaza juu ya cherehani.

"Fundi, soma kwa sauti."

Akasoma. Jamani, nilifurahi! Siku niliyopandishwa daraja kazini sikufurahi vile. Tangu hapo kila nikipita kibandani kwake, badala ya kusalimia nilikuwa nasema, "Elfu mbili na ishirini," na yeye anaitikia kwa kunitupia kipande cha chaki.

Sasa hapa nieleze habari ya daftari. Nina daftari la mpira, kubwa, la jalada gumu, ambalo kila mashindano nayapa kurasa zake: timu, mabao, dakika, nani kakosa penalti. Mashindano yale niliyaandikia kichwa kwa kalamu nyekundu, 2020, nikapiga mistari miwili chini yake. Kwa kawaida huwa naweka na tarehe ya kila mechi. Safari hiyo sikuweka hata moja. Ningeweka tarehe, ningelazimika kuandika 2021 kwa mkono wangu mwenyewe, na fundi alikuwa na tabia ya kuchungulia.

Katikati ya mechi moja ya saa kumi jioni simu yangu ikalia. Alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu, anapiga kutoka Namtumbo, analia na kucheka kwa wakati mmoja. Binti yangu kajifungua salama, mtoto wa kike. Fundi akasema, "Alhamdulillahi," akasimamisha cherehani, na bila kuulizwa akaanza kukata kitambaa laini cha kigauni. Mimi nikafungua daftari, nikaandika pembeni: "Dakika ya 70. Mjukuu. Msichana." Kisha nikaendelea kuangalia mpira. Ndiyo, niliendelea. Nimesema sifichi kitu.

Binti huyu ndiye mtoto wangu pekee. Mama yake alitangulia mbele za haki yeye akiwa darasa la tano, nikamlea mwenyewe, kwa ugali mgumu na mihadhara. Mkwe wangu ni bwana shamba, mwenyeji wa Singida, aliyepangiwa kazi kwa wakulima wa tumbaku wa Namtumbo. Aliripoti kazini Julai 2020, Septemba akaoa, Juni iliyofuata mtoto. Majirani wenye vidole walihesabu, miezi tisa ikatimia, wakatosheka. Msomaji naye aishike hesabu hiyo, maana ndiyo iliyotaka kunizika nikiwa hai.

Mtoto alipopita miaka mitatu, waandikishaji wa vizazi walikuja mtaani kwetu, wakaweka meza chini ya turubai. Binti yangu alikuwa amekuja kunisalimia. Nikamwambia twende, haya ni mambo ya kumbukumbu, niachie mimi. Tukafika, na aliyekaa mezani alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Akasimama wima, kalamu mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa, uandike." Nikaanza kumsomea kama imla. Nilipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa nikasema, "Juni, 2020."

Akatazama kadi ya kliniki. "Mwalimu, samahani. Hapa kadi inasema 2021."

"Baba, ni 2021," binti yangu naye akasema.

Hebu nieleze kilichonipata, maana nimekifikiria sana. Nilikuwa nimetaja 2020 mara nyingi mno, kwa sauti kubwa mno, mpaka nikasahau kwamba ni jina tu. Kichwani mwangu mashindano yale yalichezwa mwaka huo, na mjukuu wangu alizaliwa katikati ya mashindano yale, kwisha. Na hata kama kulikuwa na kasauti kadogo ndani yangu kananong'ona vingine, kalikuwa na lafudhi ya Tunduru, kwa hiyo nikakanyamazisha.

"Wewe ulikuwa na uchungu," nikamwambia binti yangu mbele za watu, "utakumbukaje mwaka? Mimi nilikuwa na akili zangu, na nimeandika." Kisha nikamgeukia yule mwandishi. "Nesi kakosea. Andika 2020."

Kwetu huku mwalimu ni mwalimu mpaka aingie kaburini. Yule bwana mzima, mwenye watoto wake, alinitazama, akaitazama kadi, akanitazama tena, akaandika 2020 na kugonga mhuri. Binti yangu akakaa kimya. Nimemlea mimi, anajua kwamba ukinibishia mtalala njaa mnabishana. Kesho yake alirudi peke yake kutaka wasahihishe, akakuta meza imeshahamia kata nyingine. Cheti nikakitunza mimi kwenye sanduku la vyeti vyangu, na kwa muda mrefu hakuna aliyekifungua.

Aliyekuja kukifungua ni mama yake mkwe wangu. Kwa familia yao, mtoto wa kwanza wa kike, juu ya jina lake la cheti, hupewa jina la bibi mzaa baba, na jina hilo bibi hatumi mtu alilete. Mwenyewe huja, humshika mtoto mkononi, hulitaja mbele ya wakwe, na tangu hapo mtoto ni wao hata angezaliwa wapi. Mama huyu alikuwa amesumbuliwa na miguu miaka yote hiyo, hakuweza safari. Mwaka jana akapata nafuu, akakaa ndani ya mabasi siku mbili kutoka Singida mpaka Songea. Ni mkunga mstaafu. Mrefu, mkavu, anaongea taratibu, na macho yake yanakupima kabla hujakaa.

Nikang'ang'ania shughuli ifanyike kwangu. Kuku wawili, wali, ugali, maharage ya kutosha. Mambo yalikwenda vizuri mno. Mama yule alimpakata mjukuu, akasema ni mrefu kama baba yake, binti yangu akatabasamu mpaka nikamkumbuka marehemu mama yake. Baada ya chakula mgeni akajiweka sawa, akamshika mtoto mikono yote miwili. Alikuwa ameshafungua mdomo kulitaja jina. Mdomo uliponza kichwa, wahenga wamesema, lakini siku hiyo mdomo wangu ulitaka kuponza na kichwa cha mwanangu.

"Subiri kidogo, mama," nikasema. "Kabla ya jina, uone jinsi tunavyotunza kumbukumbu nyumba hii."

Nikaleta cheti. Hakuna aliyekuwa amekiomba! Akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena. Nikaona kidole gumba chake kinagusa vidole vingine, kimoja kimoja, kisha akakiweka cheti mezani.

"Mwanangu," akamwuliza mkwe wangu, "uliripoti Namtumbo lini?"

"Julai 2020, mama. Si ulinisindikiza stendi?"

"Nilikusindikiza. Na huyu kazaliwa Juni 2020." Akavua miwani. "Nimezalisha wanawake tangu sijaota mvi. Sijaona mtoto anayewahi kufika kabla ya baba yake."

Binti yangu aliinamisha uso. Mkwe wangu akaruka, "Mama, hilo ni kosa la kuandika! Ni 2021. Nilikuwepo hospitali, nilimshika akiwa na dakika chache."

"Mwanamume akipenda huona anachoambiwa aone," mama yake akamjibu. Hakupandisha sauti.

Mtu mwenye akili timamu hapo angesema, samahani mama, nimekosea mimi. Maneno manne tu. Lakini mimi katika maneno yote yale nilisikia neno moja, kosa. Kosa? Kwenye karatasi niliyoisimamia mimi? Nikasema, "Hakuna kosa hapo, nina ushahidi," nikaenda chumbani, nikaja na daftari langu la mpira, nikalifungua mbele ya mkwe mwenzangu. Nikamwonyesha na kidole: haya mashindano ya 2020, hii dakika ya sabini, huyu mjukuu. Namkaanga mwanangu kwa mafuta yake mwenyewe na bado natafuta chumvi.

"Baba, nyamaza," binti yangu akasema.

Hajawahi kuniambia hivyo tangu azaliwe. Akamchukua mtoto mikononi mwa bibi yake, akaenda naye jikoni. Nikabaki nimeinamia ile 2020 nyekundu, mistari miwili chini yake, na ndipo, taratibu kama maji yanayopanda mtaroni, nikakumbuka. Kanzu ya Idi. Harusi. Viazi vilivyoungua. Tuligombana kwa sababu gani, kama si kwa sababu hayakuchezwa mwaka huo? Wanasema majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa jikoni, analia kwa kuwa mama yake analia.

"Mama," nikasema, "ni kweli. Yaliahirishwa. Ni 2021."

"Sasa hivi tu ulikuwa unaniapia ni 2020." Mkwe wangu akaleta kadi ya kliniki. Mama akaipokea, akaiweka kando ya cheti. "Hii ni ya kalamu, kila mtu ana kalamu. Hii ina mhuri wa serikali. Kesho asubuhi napanda basi. Jina langu narudi nalo."

Niliogopa. Niseme wazi, niliogopa kuliko siku niliyomzika mke wangu, maana kifo cha mke wangu hakikuwa kazi ya mikono yangu. Mama yule akirudi Singida na jina lake, binti yangu anabaki kuwa mwanamke aliyembambikia mumewe mtoto wa mwanamume mwingine, na mjukuu wangu anabaki mtoto wa kuokota. Mume anampenda, sawa, lakini ukoo mzima ukisema vile kila Krismasi, mume atasimama miaka mingapi?

Nikatoka mbio, na kandambili zangu, mpaka kwa fundi. Nilimkuta anampima mteja mabega. Watu watatu wako kwenye benchi. Nikamweleza yote palepale, sikuwa na nafasi ya kuchagua maneno.

"Astaghfirullahi," akasema, na futi yake ikaanguka. Kisha akanitazama. "Kwa hiyo yalikuwa ya mwaka gani?"

"2021."

"Sisikii, mwalimu. Cherehani inapiga kelele."

Cherehani ilikuwa imelala kimya kama mbuzi wa sadaka. Nikasema kwa sauti, watu wote watatu wakisikia, "Mtani wangu, yalichezwa 2021. Ulikuwa sahihi. Mimi ndiye mjinga."

Nilitegemea acheke. Nilitegemea apige makofi, aite muuza chipsi. Hakucheka. Akamwambia mteja arudi baadaye, akavaa kofia yake, akasema, "Twende. Mtoto wetu huyo, kigauni chake cha kwanza nimekishona mimi."

Tulimkuta mama anafunga begi. Fundi akamwamkia kwa heshima zote, akakaa, akaeleza: corona, kuahirishwa, jina lililobakizwa, simu iliyopigwa kibandani kwake. Alieleza vizuri kuliko ambavyo mimi ningefundisha. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Asante, baba. Ila wewe ni rafiki yake. Rafiki akiitwa mbio namna hii, huja na maneno aliyopewa njiani."

Mama akanigeukia mimi.

"Nijibu kitu kimoja. Kama watoto hawa walivyonieleza ulipotoka, binti yako alikuambia 2021. Mwandishi alikuambia 2021. Kadi ilikuwa mezani, imeandikwa 2021. Kwa nini wewe uliandika 2020?"

Uongo ulikuja mwingi, umejipanga foleni. Miwani ilikuwa nyumbani. Jua lilikuwa kali. Malaria. Kila mmoja ulikuwa na sura ya kueleweka, na ungeniacha na heshima yangu. Binti yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mtoto kiunoni, ananitazama. Alikuwa anasubiri kuona baba yake atatoa upi.

"Kwa sababu," nikasema, "ningeandika 2021, huyu fundi angekuwa ameshinda."

Nilisikia kuku wa jirani.

"Rudia," mama akasema.

"Tulikuwa na ubishi wa mpira. Sikutaka ashinde. Binti yangu aliniambia mwaka, nikamnyamazisha mbele za watu. Sina sababu nyingine, mama. Ningekuwa nayo ningekupa."

Alinitazama kwa yale macho ya kupima. Kisha akafungua begi lake tena.

"Wodini nimesikia uongo wa kila aina," akasema. "Uongo mtu huuvalisha nguo nzuri kabla hajautoa nje. Hakuna mwanamume atakayejitungia aibu kama hii." Akanyoosha mikono kuelekea jikoni. "Nileteeni mjukuu wangu."

Alilitaja jina mara tatu, na mara ya tatu mtoto aliitika. Fundi akafuta macho kwa ncha ya kanzu, akanizuia nisimwangalie. Mkwe wangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikaa kwenye kona kama mwanafunzi aliyekutwa na karatasi ya majibu kwenye mtihani, na nilistahili.

Binti yangu hakucheka.

Kusahihisha cheti kunataka kiapo, kwa hiyo wiki iliyofuata tulikwenda mjini kwa wakili, mimi na yeye. Tulitembea mpaka karibu na soko kuu. Hapo akasema, bila kunigeukia, "Baba, mama mkwe ameshanisamehe kosa ambalo sikulifanya. Wewe hata kuniomba msamaha hujaniomba."

Ni kweli. Nilikuwa nimemwomba fundi, nimemwomba mama mkwe wake, hata yule mwanafunzi wangu nilimpigia simu. Yeye nilimruka. Nilitafuta neno la kumjibu mpaka tukafika mlangoni kwa wakili, mimi, mtu wa maneno, nisilipate.

Wakili alikuwa mwanamke wa makamo, sijawahi kumfundisha. Akaweka karatasi sawa, akashika kalamu, akanitazama mimi kwa kuwa ndiye mzee.

"Haya, baba. Mtoto alizaliwa lini hasa?"

Mdomo ulifunguka wenyewe, kwa mazoea. Nikaufunga.

"Muulize mama yake," nikasema. "Yeye ndiye aliyekuwa anazaa. Mimi nilikuwa naangalia mpira. Aliniambia ukweli, na mimi sikumsikiliza, na naomba anisamehe."

Binti yangu akaitaja tarehe taratibu, siku, mwezi, mwaka, na macho yake yalikuwa kwangu, si kwa wakili. Nikasikiliza mpaka alipomaliza.